Mtaka cha uvunguni mwa Prado kuukuu sharti ainame kwa hadhari

JUMAMOSI asubuhi katika mitaa mingi ya Nairobi, Nakuru na Mombasa, si ajabu kuona miguu ya mtu imechomoza chini ya gari kubwa lililochakaa. Kando yake pana jeki, kopo la grisi, matambara na pengine mtoto aliyepewa kazi ya kumpokeza baba spana. Mwenye gari ameamua kulitengeneza mwenyewe.

Sababu zake hazihitaji maelezo marefu. Bei ya vipuri imepanda, na wamiliki wengi wamechoka kupeleka gari gereji kwa ajili ya mlio mmoja na kurudi nyumbani na milio mitatu. Fauka ya hayo, gari lililonunuliwa kwa jasho la miaka mingi halitupwi kwa urahisi.

Hata hivyo, uvungu ndio sehemu ya gari inayosahaulika zaidi. Bodi huoshwa kila wiki, viti hupanguswa vumbi na injini hubadilishiwa oili kwa wakati, ilhali huko chini hakuna anayetazama hadi kitu kikatike. Ajabu ni kwamba kazi nyingi za huko ni nyepesi kuliko zinavyodhaniwa, na zinaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye subira na spana chache. Ni kazi tatu au nne tu zinazoweza kuua, na sharti mwenye gari azijue hizo kabla ya kulala chali.

Chukua mfano wa Toyota Land Cruiser Prado ya muundo wa 90, ambayo ilitengenezwa nchini Japani kuanzia 1996 hadi 2002. Nchini Kenya, kanuni ya KS 1515 ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) hairuhusu kuingizwa kwa gari kuukuu lililozidi umri wa miaka minane. Maana yake ni kwamba Prado hizo ziliwasili zikiwa tayari zimetembea barabara za watu wengine kwa miaka kadhaa, kisha zikaanza maisha ya pili katika makorongo na vumbi la huku. Iliyo changa zaidi miongoni mwazo sasa imepita umri wa miaka 20.

Gari hili halikuundwa kama RAV4 au X-Trail, ambazo bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo. Prado imekalia chasisi, yaani mihimili miwili mirefu ya chuma iliyounganishwa kwa mihimili mifupi, mfano wa ngazi iliyolazwa. Kila kitu hushikiliwa na ngazi hiyo: injini, giaboksi, tangi la mafuta, springi na bodi nzima. Chasisi ikiwa nzima, karibu kila kingine kinaweza kubadilishwa. Ikioza, hata injini inayonguruma vizuri namna gani haina thamani kubwa.

Kabla ya kuzungumzia kutu na vipuri, pana suala la jeki.

Prado huwa na uzito unaokaribia tani mbili. Jeki inayokuja na gari ilikusudiwa kazi moja tu, kuinua gurudumu lililopata pancha kwa dakika chache, huku mtu akiwa amechuchumaa kando. Haikukusudiwa kumlinda binadamu aliyelala chini. Jeki ya oili nayo hutegemea mpira mdogo wa ndani unaozuia oili isivuje. Mpira huo ukipasuka, gari hushuka pasipo kubisha hodi. Kwa hivyo, kanuni ni kwamba jeki huinua, lakini haishikilii. Kinachoshikilia ni stendi za chuma zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, mbili kwa wakati mmoja, zikiwekwa chini ya chasisi au ekseli, juu ya sakafu ngumu iliyo sawa.

Wengi hutumia mawe ya ujenzi au matofali badala ya stendi. Hilo ni kosa kubwa. Tofali la saruji hubeba mzigo vizuri hadi dakika ile linapopasuka, na halitoi ishara yoyote kabla ya kufanya hivyo. Magogo manene ya mbao ngumu, yakipangwa kwa kukingamana, ni afadhali mara mia, kwa kuwa mbao hulia na kubonyea kabla ya kuvunjika. Ardhi laini ya uani nayo humeza stendi taratibu, hasa baada ya mvua, hivyo bamba pana la chuma au ubao mnene hutangulizwa chini yake. Gurudumu lililotolewa halina haja ya kuegemezwa ukutani. Likisukumwa chini ya chasisi, huwa kinga ya mwisho iwapo kila kitu kingine kitashindwa.

Kuna hatari nyingine ambayo ni ya magari haya hasa. Madereva wengi huamini kwamba gari likiwa katika P, au likiachwa ndani ya gia, haliwezi kusonga. Katika Prado imani hiyo ina mashimo mawili. Kwanza, ule mkono mdogo wa kuchagulia magurudumu manne ukiachwa kwenye N, uhusiano kati ya giaboksi na magurudumu hukatika, na P haizuii chochote. Pili, gurudumu moja la nyuma likiinuliwa, difu huliruhusu kuzunguka hewani huku mwenzake aliye chini akizunguka upande wa pili, na gari likateremka ingawa gia imefungwa. Ndiyo maana breki ya mkono hufungwa kila mara, na magurudumu yanayobaki chini huwekewa vizuizi mbele na nyuma. Gari likisukumwa kwa nguvu za bega kabla ya mtu kuingia uvunguni, na lisitikisike, hapo kazi inaweza kuanza.

Habari njema ni kwamba nusu ya kazi hizi hazihitaji gari liinuliwe kamwe. Prado ina nafasi ya zaidi ya sentimita 20 kutoka ardhini, nafasi ambayo mwenye gari dogo huitamani. Mtu asiye na kitambi kikubwa anaweza kuteleza juu ya kipande cha kadibodi, magurudumu yote manne yakiwa chini, akaona karibu kila kitu anachohitaji kuona.

Jambo la kwanza ni kuosha. Si kuosha kwa ajili ya urembo. Udongo unaonata juu ya chasisi hubaki na unyevu kwa siku nyingi baada ya juu kukauka, na chuma kilichofunikwa kwa udongo huoza kikiwa kimejificha. Mihimili ya chasisi ina uwazi ndani, na ina matundu madogo ya kutolea maji. Matundu hayo yakizibwa na tope, mhimili hugeuka kuwa mtungi. Waya mgumu, mpira wa maji na nusu saa vyatosha kuyazibua, na kiasi cha mchanga kinachotoka humo mara ya kwanza humshangaza kila mtu.

Kwa wakazi wa pwani jambo hili lina uzito zaidi. Kutu huhitaji chuma, maji na hewa, lakini chumvi huharakisha kazi hiyo mara nyingi kwa sababu hufanya maji yapitishe umeme kwa wepesi. Upepo wa bahari hubeba chumvi hiyo hadi ndani ya mihimili. Gari lililopita ufuoni au katika barabara iliyofurika maji ya bahari linapaswa kuoshwa chini kwa maji baridi siku iyo hiyo. Na asidhani mtu wa bara kwamba yeye amesalimika: katika maeneo ya kaskazini mwa Japani, kama vile Hokkaido, barabara humwagiwa chumvi majira ya baridi ili kuyeyusha theluji. Gari lililotoka huko huja na kutu yake kutoka nyumbani.

Baada ya kuosha huja nyundo. Fundi mzoefu hugongagonga chasisi kidogokidogo, akianzia mbele na kumalizia nyuma, akisikiliza. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Chuma kilicholiwa hutoa sauti ya kufifia, mithili ya kugonga gogo lililooza, na wakati mwingine vipande hudondoka kama maganda ya mti. Sehemu za kuchunguzwa zaidi ni zile ambako springi na mikono ya ekseli ya nyuma hushikia chasisi, pande za ndani juu ya ekseli, na kila palipochomelewa kiwandani. Kutu nyekundu ya juujuu si msiba. Karibu kila gari la umri huu linayo. Msiba ni kutu iliyovimba na kupangana tabaka kwa tabaka, kwa kuwa kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila, na uvimbe huo ni ishara kwamba chuma cha ndani kimekwisha.

Hapa yafaa kutoa onyo kuhusu lami. Ni desturi kwa baadhi ya wauzaji kuipaka chasisi rangi nzito nyeusi siku chache kabla ya kuuza gari. Machoni hupendeza. Lakini lami iliyopakwa juu ya kutu huifungia kutu hiyo na unyevu wake humo humo, ikaendelea kula bila kuonekana. Chasisi nyeusi inayong'aa chini ya gari la miaka 20 inapaswa kumtia mnunuzi wasiwasi, na nyundo ndogo itamwambia ukweli.

Desturi nyingine ni ya mahali pa kuoshea magari, ambako uvungu hupulizwa dizeli au oili chafu ili kuzuia kutu na kuondoa milio. Kweli milio hutoweka kwa juma moja. Lakini mafuta hayo huvimbisha na kulainisha mpira wa kawaida, na bushi zilizokuwa na miaka miwili ya uhai zikabaki na miezi. Fauka ya hayo, mafuta huvuta vumbi, na yakifika kwenye breki huleta balaa. Afadhali mlio unaosema ukweli.

Kutu ya juujuu inaweza kutibiwa nyumbani. Hukwanguliwa kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma kionekane, mtu akiwa amevaa miwani ya kinga, kwani chembe za kutu zinapodondoka hudondokea machoni pa aliyelala chini. Hufuata dawa ya kutu yenye asidi ya fosforasi, kisha rangi ya msingi yenye zinki, kisha rangi ya juu. Ndani ya mihimili hupulizwa nta maalumu. Anayekwangua karibu na gurudumu la mbele la kulia awe mwangalifu: aghalabu hapo ndipo nambari ya chasisi ilipogongwa. Nambari hiyo ndiyo iliyo kwenye hati ya umiliki, na aliyeifuta kwa msasa atakuwa na mengi ya kuwaeleza polisi.

Uzito wa suala hili ulionekana nchini Marekani. Mwaka 2008 Toyota ilianza kuwanunulia wateja magari yao aina ya Tacoma ya miaka ya 1995 hadi 2000 kwa sababu chasisi zilikuwa zikioza kupita kiasi, hasa katika majimbo yanayomwaga chumvi barabarani. Mwaka 2016 kampuni hiyo ilikubali suluhu ya kesi iliyohusu Tacoma, Tundra na Sequoia zipatazo milioni 1.5, suluhu iliyokadiriwa kuweza kugharimu hadi dola bilioni 3.4, ingawa haikukiri kosa. Ikiwa mtengenezaji aliona heri kununua gari zima kuliko kuliacha barabarani, mwenye gari wa Kenya hana sababu ya kuamini kwamba kiraka cha bati kitatosha.

Hii ndiyo kazi ya kwanza ambayo si ya uani. Tundu katika chasisi hukatwa hadi chuma kizima na kuchomelewa na mtu aliyefunzwa, huku betri imefunguliwa ili umeme wa kuchomelea usiharibu vifaa vya gari. Mabomba ya petroli na ya breki hupita kandokando ya mihimili hiyo, na tangi liko hatua chache tu. Kuchomelea hapo bila kuyaondoa ni kucheza na moto kwa maana yake halisi.

Sehemu kubwa ya milio inayowasumbua wenye Prado kuukuu haitokani na chuma. Hutokana na mpira. Kila kiungo kinachocheza uvunguni kina bushi, yaani mpira ulioshindiliwa kati ya vyuma viwili ili kumeza mitikisiko. Mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa: hukauka, hupasuka, kisha chuma hugonga chuma.

Mahali pazuri pa kuanzia kwa asiye na uzoefu ni mipira ya stabilaiza, ule ufito mrefu wa chuma unaovuka kutoka upande mmoja wa gari hadi mwingine ili lisiyumbe katika kona. Hushikwa na vibamba viwili vyenye boliti mbilimbili. Kazi hufanywa magurudumu yote yakiwa chini, vipuri vyake ni vya bei nafuu, na mara nyingi ule mlio wa kokoto ndani ya mkebe, uliodaiwa na fundi mmoja kuwa ni shoki na na mwingine kuwa ni stelingi, hukoma siku hiyo hiyo. Adui wake ni kutu kwenye boliti. Hizo hupuliziwa mafuta ya kulegeza jioni ya kuamkia kazi, zikapuliziwa tena asubuhi, wala hazilazimishwi. Boliti iliyokatikia ndani humgeuza Jumamosi kuwa Jumatatu.

Bushi za mikono ya ekseli ya nyuma ni ngumu zaidi, kwa kuwa huhitaji mashine ya kushindilia. Wapo wanaozitoa kwa nyundo na moto, na wapo walioupinda mkono wenyewe kwa njia hiyo. Mwenye gari anaweza kuutoa mkono mwenyewe, akaupeleka kwenye karakana yenye mashine, kisha akaurudisha. Lakini pana siri hapa ambayo hata mafundi wengi huipuuza: boliti za bushi hizo hazikazwi hadi mwisho gari likiwa limeinuliwa. Hutiwa na kushikizwa tu, gari likateremshwa likakaa kwa uzito wake, ndipo zikakazwa. Mpira huo huzunguka kwa kujipinda. Ukikazwa ekseli ikiwa inaning'inia, gari likishuka tayari umepindwa kupita kiasi, nao hupasuka mapema. Wengi huwalaumu wauza vipuri bure.

Buti za ekseli za mbele nazo zina hesabu yake. Buti ni kifuko cha mpira chenye mikunjo kinachohifadhi grisi ya kiungo kinachozungusha gurudumu. Likipasuka, grisi hurushwa pande zote na kuacha alama nyeusi ndani ya rimu, na mchanga huingia mahali pa grisi. Buti likigunduliwa wiki ya kwanza, hubadilishwa hilo tu. Likigunduliwa wakati gari linapotoa mlio wa tak-tak-tak likikata kona, kiungo chenyewe kimekwisha, na bei haifanani hata kidogo. Mwenye mazoea ya kupitisha kurunzi uvunguni mara moja kwa mwezi huokoa fedha nyingi hapo.

Halafu kuna boljointi ya chini ya mbele. Hiki ni kiungo chenye kichwa cha chuma cha mviringo ndani ya kikombe, ambacho huunganisha gurudumu na mkono wa chini. Katika magari mengi, uzito wa gari hukikandamiza kichwa hicho ndani ya kikombe chake. Katika Prado hii na ndugu zake, muundo ni kinyume: uzito hukivuta kichwa kitoke. Kadiri kinavyochakaa ndivyo kinavyokaribia kuchomoka, na kikichomoka gurudumu hujikunja chini ya gari, gari likaangukia pua. Likitokea wakati dereva anaegesha, hasara ni ya rangi na kenda. Likitokea kwenye mteremko wa Salgaa au katika barabara ya Mombasa usiku, hasara haipimwi kwa shilingi.

Mwaka 2005 Toyota iliyaita gereji magari zaidi ya 700,000 nchini Marekani, ikiwemo 4Runner iliyo na undugu wa karibu na Prado, kwa sababu boljointi za baadhi yake zilipata mikwaruzo wakati wa kutengenezwa. Hiyo ilikuwa kasoro ya kiwanda katika magari mapya. Gari la miaka 20 halihitaji kasoro ya kiwanda, kwani makorongo yamekwisha kuifanya kazi hiyo.

Uchunguzi wake unawezekana nyumbani. Gurudumu huinuliwa kidogo, gari likiwa juu ya stendi, kisha hushikwa juu na chini na kutikiswa kwa nguvu. Likicheza, kiungo kinashukiwa. Likicheza linaposhikwa kushoto na kulia, lawama huelekea kwenye tairodi za stelingi. Ufito mrefu wa chuma ukitumiwa kulikweza gurudumu kutoka chini, huku mtu wa pili akitazama kiungo kwa kurunzi, uchezaji hudhihirika zaidi. Mpira wa kufunikia boljointi ukiwa umechanika, hakuna haja ya kusubiri uchezaji. Maji yameingia, na siku zake zinahesabika.

Kuibadilisha si kazi ya kujifunzia. Boliti nne zinazoishika hubeba kila kitu, hukazwa kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari kwa spana maalumu ya kupimia, na hubadilishwa pamoja na kiungo. Hizo hubadilishwa pande zote mbili kwa pamoja. Hapa pia ndipo mahali pa kutobana mkono. Katika Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wengi bado huiita Grogan, mteja huonyeshwa boljointi tatu zinazofanana kama pacha, kila moja na bei yake. Taa ya nyuma ya bei rahisi ikifa, hufa peke yake.

Mabomba ya breki ni kazi nyingine ya kumwachia fundi. Kuyachunguza ni wajibu wa mwenye gari: ni mirija myembamba ya chuma inayofuata chasisi, na kutu huila zaidi pale ilipobanwa na vishikizo ambako udongo hukwama. Mrija ulionyauka au wenye unyevu usioelezeka haufungwi kwa gundi wala kwa mpira, na gari haliendi popote hadi ubadilishwe.

Kwa upande wa oili, difu mbili za Prado na sanduku la kugawa nguvu ni kazi rahisi ambayo wengi huisahau kwa miaka kumi. Oili yake ni nzito, ya daraja la GL-5 kwa difu, na kitabu hueleza unene wake. Kosa la kawaida ni kufungua nati ya chini kwanza, oili ikamwagika yote, kisha nati ya juu ya kujazia ikakataa kufunguka. Gari likabaki limekufa uani, halina oili na haliwezi kuendeshwa hadi kwa fundi. Nati ya juu hufunguliwa kwanza, kila mara.

Oili inayotoka ina habari zake. Nyeusi ni ya uzee. Yenye chembe za chuma zinazong'aa kwa wingi ni ya meno yanayosagika. Iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji, na hilo ni jambo linaloonekana sana baada ya mafuriko kama yale ya Machi hadi Mei 2024. Juu ya ekseli kuna kifuniko kidogo cha kupumulia. Difu iliyopata joto ikitumbukia ghafla katika maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta. Kifuniko hicho kikiwa kimezibwa na tope, kitakachovutwa ni maji, kupitia sili za ekseli. Kukisafisha huchukua dakika mbili.

Viungo vya propela vina chuchu ndogo za grisi, na bomba la grisi la mkono ni miongoni mwa zana zinazojilipa mapema zaidi. Ubarizi wa chuma unaoukinga uvungu wa injini nao hutolewa na kusafishwa, kwa sababu hukusanya oili iliyovuja na, kwa wanaopita mbugani au katika mashamba, nyasi kavu. Nyasi zikikaa karibu na bomba la moshi baada ya safari ndefu huweza kuwaka. Bomba lenyewe likiwa na tundu, lisipuuzwe kama kelele tu: hewa ya kaboni monoksidi haina harufu, na huweza kupenya ndani ya gari kupitia matundu ya sakafu iliyoliwa na kutu.

Kazi ikiisha, zana huhesabiwa kabla ya gari kuteremshwa. Nati za magurudumu hukazwa kwa kukingamana, magurudumu yakiwa yamegusa ardhi, na hukazwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Safari ya kwanza huwa fupi na ya polepole, redio ikiwa imezimwa na dirisha limefunguliwa ili masikio yafanye kazi. Kisha kadibodi iliyolaliwa mchana kutwa hutandikwa upya chini ya gari, ikaachwa hapo usiku kucha, na asubuhi madoa yake husomwa: yakiwa chini ya difu, nati haikukazwa vizuri, yakiwa karibu na gurudumu, gari halitoki.